Risasi Isiyotokea Upande wa Pili

Ibra, Oman

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku mbali kana kwamba nimepiga magoti mbele yako. Goti lako linaendeleaje? Na mama, kile kikohozi chake kimemwachia? Mimi ni mzima, nashukuru Mungu, ila midomo inapasuka kwa baridi kavu ya huku. Barua hii anakuletea Mwajuma, jirani yangu wa hapa anayerudi kwao Nachingwea. Simu huisikii vizuri, na haya ninayotaka kukwambia si mambo ya kupigiana kelele kwenye simu.

Nilikueleza kuhusu Mzee Nasoro, baba wa nyumba ninayofanya kazi. Alizaliwa Pemba, na Kiswahili chake ni kile cha zamani, kitamu kusikiliza. Anaishi na mwanawe Hilali, mwalimu wa sayansi, mke wa Hilali, Asya, na watoto wao wadogo. Nyuma ya nyumba wana shamba la mitende na zizi la mbuzi. Tangu baridi ianze, mbweha alikuwa akiingia zizini alfajiri. Alikwishachukua vitoto vitano, na Mzee alivipenda kama wajukuu zake. Hilali akaenda kuomba kibali cha kumpiga, akapewa. Akataka ngozi itoke nzima, aijaze pamba awaonyeshe wanafunzi wake darasani.

Ijumaa tukaenda soko la Nizwa kutafuta risasi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Mzee hatembei bila kushikwa mkono. Nyumbani kuna bunduki mbili: kubwa ya zamani ya Mzee, ambayo huipiga harusini, na nyembamba ya Hilali. Mzee alitaka kutumia ile kubwa. Hilali akasema hiyo itampasua mnyama, ngozi isifae kitu, afadhali nyembamba. Hapo alisema kweli. Lakini muuza duka akamtolea risasi ngumu, zilizofunikwa shaba mpaka nchani, akamsifia kwamba zinatoboa tundu dogo tu. Hilali akazikubali.

Baba, nilisema kabla sijajizuia. Nikamwambia tundu dogo ni la kuingilia. Ikigonga mfupa hupinda, ikatokea upande wa pili na kipande cha ngozi, kisha ikaendelea na safari yake. Achukue zile nyepesi zenye ganda jembamba, zinazovunjikavunjika ndani ya kifua zikaishia humohumo. Ngozi inabaki na tundu moja la kushona. Na alenge mbavu, nyuma ya bega, asilenge bega lenyewe.

Mzee akanigeukia. "Hebu nambie, mwanangu, haya umeyapata wapi?"

Nikasema, "Kwa baba yangu. Amechuna ngozi za wanyama kambini kwa wawindaji miaka mingi, na mimi ndiye niliyekuwa nikizipaka chumvi."

Akacheka, akamwambia mwanawe arudishe zile ngumu na achukue nilizosema.

Nilirudi nimefurahi, lakini furaha haikufika jioni. Asya alipohadithiwa hakucheka. Akamwuliza mumewe kwa Kiarabu, akidhani sielewi, mwanamke anayezijua risasi namna hii kwao alikuwa akifanya kazi gani. Kesho yake akaacha kunipa mtoto nimbebe. Nikiingia chumba cha watoto, naye anaingia. Hakunitukana, hakunipandishia sauti, lakini siku tatu zile nilipika chakula nisiweze kukila. Nikawaza kwamba nitarudishwa nyumbani kwa aibu, sababu ya mdomo wangu.

Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, Mzee alikaa na ile bunduki nyembamba kwenye kiti nyuma ya dirisha la ghala. Macho yake ya mbali bado mazuri. Hilali alikuwa kulia kwake, mimi nimemshika bega asitetemeke. Mbele yetu ni zizi, nyuma ya zizi ukuta wa udongo ulioanguka nusu, na nyuma ya ukuta mfereji wa falaj unaopeleka maji mitendeni. Babul, Mbengali wa Bangladeshi anayetunza shamba, aliambiwa tangu jana asitoke chumbani kwake mpaka aitwe.

Mbweha akaja. Alisimama ubavu, mbele ya pale ukuta ulipobomoka. Mzee akavuta pumzi, akapiga, na mnyama akalala palepale bila hata kurusha mguu.

Halafu, nyuma yake, katika lile pengo la ukuta, akainuka mtu.

Alikuwa Babul. Jirani alimpigia simu kwamba zamu ya maji imesogezwa, akasahau alichoambiwa, akapita nyuma kwenda kufungua maji. Alikuwa ameinama mferejini, hatua kumi tu kutoka kwa mbweha, sawasawa na mdomo wa bunduki. Alisimama anatutazama, maji yanamchuruzika mikononi.

Hilali alikimbia kumpapasa mwili mzima. Hakuwa na hata mchubuko. Mimi nikamgeuza yule mbweha, nikapitisha kiganja ubavu wa pili kama ulivyonifundisha. Manyoya yalikuwa makavu. Risasi haikutoka. Nilipomwambia Mzee, akamkabidhi mwanawe bunduki na kusema hatashika nyingine mpaka afe. Akalia, Baba. Babul akaja kukaa chini karibu naye, na yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza.

Ngozi nilichuna mwenyewe uani. Asya akaja kusimama karibu, mtoto mkononi. Akasema, "Nisamehe, Zuhura. Nilikudhania vibaya, wallahi." Akasubiri ninawe mikono, akanipa mtoto.

Jioni Mzee aliniita. Akaniambia, "Mwandikie baba yako. Mwambie iko nyumba Ibra inamwombea dua, na kuna mama mmoja Bangladeshi mwanawe yu hai kwa sababu yake."

Baba, nina neno langu pia. Nilipokuwa nasoma sekondari Lindi, niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ni karani kambini. Niliona haya kwa harufu ya ngozi iliyokuwa kwenye nguo zako, na siku uliyonitembelea nilikutoa nje ya geti haraka wasikuone. Uliondoka hujanywa hata maji. Sikuwahi kukuomba radhi. Leo nakuomba, na ninakushukuru kwa yote uliyonifundisha wakati nikijifanya sisikii.

Nisalimie mama, dada Fatuma na watoto wake, na shangazi Hadija anayenichagulia wachumba. Mjomba Athumani, wewe unayemsomea baba barua hii, pokea shikamoo yangu. Nakuomba usiisomee ndani. Watoe viti nje, waite majirani, uisome upya tangu mwanzo, na pale nilipoandika kazi ya baba, soma kwa sauti.

Mwanao,
Zuhura, binti wa mchuna ngozi