Fundi Mstari na Jumapili Uliyosoma Kanisani

Mwaka umezunguka, Baba, tangu uuweke chini mwiko wako na kutuacha bila kuaga. Ulitutoka katika wiki ya nne ya Kwaresima, lakini sisi wanao tumekaa na Mama tukakubaliana kwamba hatutaingoja siku ile. Tunakukumbuka leo, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, kwa sababu ndiyo siku uliyoipenda kuliko hata siku ya harusi yako. Mama amesomewa sentensi hiyo, akacheka, akasema iachwe hivyo hivyo.

Washarika walikujua kwa jina la Fundi Mstari. Vigae vya kanisa, kuanzia mlangoni hadi mbele ya madhabahu, uliviweka wewe, miezi miwili umepiga magoti, na mpaka leo mtu akitupa jicho kutoka benchi la nyuma haoni hata kimoja kilichokwenda upande. Mchungaji alizoea kusema kwamba mahubiri yakimpotea, hutazama chini akaifuata mistari yako mpaka ayapate tena. Ulikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minne, wa kwanza kufika na wa mwisho kufunga milango. Besi yako ilitikisa madirisha. Nyimbo zote ulikuwa nazo kichwani, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na kitabu ulikishika wazi mkononi kwa heshima tu.

Kwa heshima tu, maana kusoma hukujua.

Tunaliandika hili bila aibu, kwa kuwa ulilisema mwenyewe mbele ya watu mia tatu. Ulitolewa shule ukiwa na miaka minane, ukabebe mchanga na wajomba zako. Namba ulizifahamu kama vidole vyako, kipimo hakikukuchenga hata siku moja, lakini herufi zilikupita. Kipaimara ulikipata kwa kusikiliza wenzako wakikariri, kisha siku ya maswali ukajibu yote vizuri kuliko wao. Sisi wanao hatukujua. Ulipokuwa ukizishika ripoti zetu za shule na kusema, "Niambie mwenyewe, mwalimu kaandika nini," tulidhani unatupima kama sisi ni wakweli. Wote tulisema kweli, isipokuwa mara moja. Aliyedanganya ni wa pili wako, naye anaomba msamaha hapa hapa.

Kanisani, kila zamu yako ya kusoma somo ilipofika, ulijipapasa mifuko ukasema miwani umeisahau nyumbani. Mwingine akasoma. Jambo hili likawa utani wa usharika mzima. Mwaka mmoja tukakununulia miwani kweli. Ukaivaa Jumapili mbili, ukalalamika kizunguzungu, mwishowe ukaikalia ikavunjika. Siku hizi tunaamini hukuikalia kwa bahati mbaya.

Mwaka jana, mara tu baada ya mwaka mpya, mwinjilisti akabandika ratiba ya masomo kwenye ubao wa matangazo. Injili ya Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima alikupa wewe, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, akaongeza: "Na miwani." Mtu alikusomea kwa sauti akidhani umekwisha kuona. Watu wakacheka, nawe ukacheka nao. Ulipofika nyumbani hukuwa unacheka tena.

Mama anasimulia kwamba ulimkuta anapiga pasi. Ukamwambia siku hiyo ikifika aende peke yake, awaambie unaumwa mgongo. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa amekusomea barua, bili na maandishi ya mifuko ya saruji, na hakuna aliyejua. Akaisimamisha pasi wima.

"Baba watoto," akasema, "nimekusemea uongo tangu tukiwa wachumba. Safari hii sisemi."

Ukajibu kwamba basi, utajiuzulu uzee wa kanisa.

"Jiuzulu. Ila barua utaiandika mwenyewe."

 Anasema hapo ukaanza kucheka, ukacheka hadi ukafuta macho, halafu ukamwuliza kama wiki saba zinatosha.

Hivyo ndivyo mlivyoanza, kila alfajiri kabla hujaenda kazini, chai ikipoa mezani. Mama hakuwa na vitabu vya darasa la kwanza, akachukua kitabu cha nyimbo. Maneno ulikuwa nayo tayari mdomoni, kilichobaki ni kuyatambua machoni. Ulikuwa ukiimba polepole huku yeye akisogeza kidole. Si kwamba ilikuwa raha kila siku. Kuna asubuhi ulirusha kalamu nje dirishani, ukatoka mwenyewe kwenda kuitafuta kwenye majani. Ile ng' yenye kialama juu ilikutesa kuliko zote. Ulimwuliza Mama ni nani aliyekaa akabuni kitu kile, na kama hakuwa na kazi ya kufanya.

Kazini ulifanyia mazoezi kwenye gundi ya vigae, kwa ncha ya mwiko, kabla haijakauka. Neno la kwanza uliloliandika zima bila msaada lilikuwa "asante". Uliliandika kwenye sakafu ya bafu la daktari mmoja wa meno, ukalitazama, kisha ukalifunika kwa kigae. Yule daktari mpaka leo hajui anakanyaga nini.

Jumapili ikafika. Kanisa lilikuwa bado na maua ya jana yake, kwa kuwa jozi tatu za maharusi zilikuwa zimekimbilia kufunga ndoa kabla ya Kwaresima. Kwaya ilivaa vizuri, maana ndiyo siku ya kuimba Haleluya kwa mara ya mwisho hadi Pasaka. Akina mama walikuwa wamekwisha kuzipiga pasi nguo za zambarau za madhabahu, zikingoja Jumatano ya Majivu. Matangazo yakasomwa, wimbo ukaimbwa, kisha likaitwa jina lako. Mwinjilisti alikuwa tayari ukingoni mwa kiti, kama kawaida yake, asome badala yako. Wewe ukasimama, ukapita katikati ya kanisa juu ya vigae vyako mwenyewe, ukakifungua kile kitabu kikubwa. Kaka yetu mkubwa alinong'ona kwamba baba hana miwani. Mama akamwambia atulie.

Ulisoma taratibu, kidole kikiwa juu ya mstari. Lilikuwa somo la yule kipofu aliyeketi kando ya njia akiomba, akamsikia Bwana anapita, akapaza sauti, na watu wakamkemea anyamaze. Hukulisoma kwa madaha. Ulilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na kanisa zima likawa linavuka nawe. Ulipofika pale kipofu anapoulizwa anataka afanyiwe nini, ukakutana na neno refu, ukakwama. Mwinjilisti akainuka nusu. Mchungaji akamshika mkono akamketisha. Wewe ukainama, ukalikata lile neno vipande, kama unavyokata kigae cha kwenye kona, ukaviunganisha, ukapita. Kipofu akaona. Ukafunga kitabu.

Tulidhani umemaliza, lakini hukuondoka.

"Wapendwa," ukasema, "miwani sijawahi kuwa nayo ya kuisahau. Kusoma ndiko nilikokuwa sikujui. Nimejifunza mwaka huu, na mwalimu wangu ni mke wangu, yule pale."

Tukaogopa watu watacheka. Kisha mama mmoja wa kwaya akaanzisha Haleluya bila kungoja mwalimu wao, wenzake wakamfuata, kanisa zima likasimama. Haikukoma. Mchungaji alipopanda mimbarini alisema mahubiri aliyoyaandaa yamekwisha kuhubiriwa, akatoa baraka mapema. Kaka mkubwa, fundi umeme asiyelia hata akipigwa shoti, alilia mpaka tai ikalowa. Nje, mwinjilisti alikuja kukuomba radhi kwa ile kalamu nyekundu. Ukamwambia bila kalamu ile ungekufa mjinga.

Zikafuata wiki tatu na siku kadhaa, na katika hizo hukutupa amani. Ulisoma kila kitu kwa sauti: mabango ya maduka, chupa za dawa, maboksi ya sabuni, maandishi ya migongo ya malori. Ulitusomea tarehe ya mwisho ya kutumia maziwa kama unatangaza ndoa. Wajukuu walikuletea vitabu vyao, nanyi mkagombania kurasa. Alasiri ya mwisho uliketi sebuleni na gazeti, ukamsomea Mama utabiri wa hali ya hewa, ukamwambia kesho kuna mvua. Akaenda kuanua nguo. Aliporudi, ulikuwa umelala, na hukuamka.

Mvua ilinyesha kweli.

Hatukujua, Baba, kwamba siku ile uliyosimama mbele, kuna wengine waliokuwa wamekaa na vitabu wazi mikononi kwa heshima tu. Baada ya maziko walianza kumjia Mama mmoja mmoja, jioni, wakizunguka zunguka maneno: mlinzi wa lango, fundi viatu na mkewe, mama muuza mboga, na mwanakwaya mmoja ambaye hatutamtaja. Sasa wako kumi na mmoja. Wanakutana kila Jumamosi katika chumba cha kipaimara, na Mama amekuwa mkali kweli, hapokei udhuru wa miwani.

Leo mama muuza mboga ndiye atakayesoma Injili. Anasema anaogopa maneno marefu. Mama amemwambia ayakate vipande, kama ulivyofanya wewe.

Wanaokukumbuka ni mkeo mpenzi; wanao wanne, wakwe zako na wajukuu zako saba; mdogo wako, baba mdogo wetu; shangazi; wazee wa kanisa wenzako, kwaya, na darasa zima la Jumamosi. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yako, Baba, nasi tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.