Kabla Hatujabadilishana

Mudogo wangu Mugisho,

Nakusalimia, na kupitia kwako namsalimia maman. Ameamkaje siku hizi? Mguu wake wa kulia bado unavimba jioni? Na mgongo wako wewe, unaendeleaje kwa kazi hiyo ya kumwinua? Mimi niko muzima. Huku Québec theluji imepanda hadi kwenye madirisha ya chini, lakini redio inatangaza kama kawaida.

Nimeupata ujumbe wa sauti wa mzee wetu Tonton Bahati. Anasema familia iliketi hapo nyumbani Kadutu baada ya misa, ikatupima sisi wawili. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Cyprien, mudogo yako amebakia na mama yenu tangu ile siku alianguka. Sasa muchumba yake Nsimire anamungojea kule Bunyakiri, na baba yake anasema kisha Pasaka hatangoja tena. Weye uko unasema ku radio ya bazungu kila siku. Sema na huku: unarudia, ao haurudie?" Nyuma yake nilimsikia shangazi: "Ule hajue hata kupika bugali! Atamulisha mama makelele ya radio?" Watu wakacheka. Sauti yako sikuisikia.

Sikujibu siku ile. Nilitaka kwanza kukusimulia jambo la kazini.

Unajua natangaza hoki, mchezo wa kwenye barafu. Kila timu ina mchezaji wa katikati, wanamwita sentre. Ndiye anayegombania kisahani cheusi mwamuzi anapokiangusha, na ndiye anayewagawia wenzake. Sentre wetu alikuwa nahodha, mtu wa makamo. Timu moja ya magharibi ilikuwa na sentre wake, kijana, mfungaji. Huku klabu mbili zinaweza kubadilishana watu bila kuwauliza, na kwa wiki nzima tulibishana redioni yupi ana thamani kuliko mwenzake.

Mwenzangu Gaston, aliyewahi kucheza, alishikilia mabao. "Wao hawatakubali mmoja kwa mmoja," alisema. "Lazima tuongeze kijana mwingine juu." Mimi nilisema nahodha anashinda visahani vya karibu na goli letu, pale ambapo kupoteza ni hatari, kwa hiyo wako sawa. Gaston akanicheka hewani: "Bwana Cyprien, barafu ya kwenu inapatikana ndani ya frigo tu." Nikamjibu kwamba kwetu umeme ukikatika hata ndani ya frigo haipatikani, ndiyo maana naangalia watu. Wasikilizaji walipiga simu kwa wingi. Kilikuwa kipindi kizuri.

Kesho yake nilimkuta nahodha kwenye mlango wa nyuma wa uwanja, amebeba mfuko wake.

"Nimewasikia ndani ya gari," alisema. "Kumbe mimi peke yangu sitoshi, mpaka niongezewe kijana juu."

Nikamuuliza kama anataka kwenda.

"Hilo hamkulizungumza. Mke wangu alizima redio, watoto walikuwa nyuma."

Walibadilishwa juma lile lile. Yeye aliruka kwenda magharibi na yule kijana akaruka kuja huku. Walipishana angani, hawakupeana hata mkono. Mgeni alipewa nafasi ya nahodha kwenye chumba cha kuvalia, na jina la nahodha lilikuwa bado halijabanduliwa.

Mechi yake ya kwanza tulifungwa vibaya. Kijana hakucheza ovyo. Kila mara alimpasia mwenzake wa upande wa kushoto, na kila mara yule alikuwa bado hajageuka. Baada ya mechi niliwakuta wanagombana kwenye ujia.

"Nakuita, hugeuki! Unanidharau?"

"Sikio langu moja limekufa," alisema yule wa kushoto. "Nahodha alikuwa anagonga fimbo yake ya kuchezea kwenye barafu. Ninalisikia pigo hilo ndani ya miguu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nani angekuambia? Tulijua sisi wawili tu."

Yule wa kushoto aliniomba nisilitangaze jambo hilo, na sikulitangaza. Lakini nilikumbuka kwamba kwa wiki nzima, Gaston na mimi na wasikilizaji wote, hakuna aliyetaja fimbo hiyo. Haikuwemo katika hesabu ya mtu yeyote. Nahodha mwenyewe labda hakujua kwamba ni kitu cha kutajwa.

Sasa jibu. Mwambie Tonton kwamba ninarudi. Nimeshamwarifu mkuu wa redio, na chumba changu nakiacha. Nitaingia kwa njia ya Kamanyola, barabara ikiwa inapitika, na nitakuwa nyumbani kabla ya Pasaka. Nsimire na baba yake wapange harusi bila wasiwasi. Umebaki na maman vya kutosha, na sasa ni zamu yangu. Sikupi zawadi.

Ninaomba jambo moja. Usiondoke siku nitakayofika. Usiniachie ufunguo kwa jirani. Tukae sote wawili nyumba moja mpaka maman akubali kula kutoka mkononi mwangu, ndipo uende Bunyakiri. Kama baba yake Nsimire atanung'unika, nitampigia simu mimi.

Nisalimie Tonton Bahati, msemaji wetu. Nisalimie shangazi, na umwambie bugali nitajifunza, akija aje na njaa. Nisalimie mama jirani anayekuletea maji, na padri anayempelekea maman komunyo. Nsimire, mke wetu, umpe salamu za peke yake.

Na jambo la mwisho. Juzi tulipokuwa kwenye simu ulikuwa unampa maman chai. Kabla ya kumpa, niliisikia sauti ya kijiko. Uligonga kikombe, ukangoja, ukagonga tena, halafu maman akakohoa kidogo na wewe ukasema, "Haya, sasa." Sijui kwa nini unagonga. Sijui unangoja nini kati ya pigo la kwanza na la pili. Usinieleze kwa simu. Ningojee, unionyeshe.

Mimi kaka yako mukubwa,
Cyprien