Vidonge Vilivyotwangwa Kwenye Terere

Yaguarón, Paraguay,
27 Februari 2012.

Mpendwa dada Eligia,

Pokea salamu za mtu anayeandika amesimama, maana kukaa ameshindwa kwa furaha! Hujambo wewe? Mgongo umepoa, au huyo bosi wako wa Buenos Aires bado anakusuguisha sakafu mpaka jioni? Sisi wazima, ila joto linataka kutuua. Watoto wanafakamia mikate ya chipa kama nzige.

Dada, nimepata nafasi! Chuo cha ualimu, Paraguarí, masomo yanaanza Machi. Unajua nafasi hii nimeshaipata na kuipoteza mara mbili, kwanza kwa mimba ya Dionisio, halafu kwa mimba ya Rosalba. Safari hii mkuu wa chuo amenionya kwamba hakuna nyingine. Na mwezi huu nusura niipoteze tena, na aliyetaka kunipotezea ni mama mkwe, tena kwa wema wake.

Ya Rosalba unayakumbuka. Tulikuwa tunatumia mipira, na mume wangu Wilfrido, kichwa maji yule, akaihifadhi chini ya kiti cha pikipiki, kwenye jua la Januari. Ikaungua humo, mmoja ukapasuka, na Rosalba huyo. Ndipo nikahamia vidonge vya majira. Kidonge ni changu, simsubiri mwanamume awe na akili. Ila kinataka ukikumbuke kila siku saa ileile, na wiki za mwanzo kilinichafua moyo mpaka Wilfrido akadhani ni mimba!

Pakiti niliificha rafuni, nyuma ya kinu cha kutwangia majani ya terere. Ujinga wangu huo. Mama mkwe akaiona, akaniuliza ya nini. Mimi kwa haya nikamjibu, "Dawa ya tumbo, mama." Si uongo sana! Lakini watu wetu unawajua, kikishaitwa dawa kitatwangwa na majani na kutiwa kwenye terere kinywewe baridi. Siku niliyokwenda kwa shangazi, baba mkwe, mzee Taciano, akalalamika tumbo linamsokota. Mama akatwanga vidonge vyote, akamimina maji ya barafu, pembe ya kunywea ikazunguka. Mrija ni uleule mmoja, kila mtu akafyonza: mzee, shemeji Cirilo, hata muuza matikiti aliyekuwa anajipitia zake.

Narudi, pakiti tupu! Kesho yake sikukuu ya Mtakatifu Blas, zahanati imefungwa, duka la dawa limefungwa, halafu ikaingia Jumamosi na Jumapili. Na usiku wa kabla ya safari ya kwa shangazi mimi na Wilfrido... wewe mtu mzima, malizia mwenyewe. Dada, nililia. Niliiona nafasi yangu inaondoka mlangoni.

Jumatatu tukaenda zahanati ukoo mzima. Mama mkwe akabaki nje, na nilipotaja ni vidonge gani, nesi Zunilda alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Taciano akauliza, kakunja uso, "Binti, nitaota matiti?"

"Kwa mafunda mawili? Nenda zako, mzee!"

Akanipa pakiti mpya, akatuambia tutumie na mipira siku saba mpaka vidonge vishike. Wilfrido akaanza kunung'unika habari za kula pipi na ganda lake. "Basi usile," akajibiwa. Nesi akatueleza bila kumung'unya maneno: kidonge kisiporukwa kinazuia mimba vizuri kuliko mpira, hasa kwa jinsi watu wanavyoutumia ovyo, lakini maradhi ya zinaa hakizuii, mpira ndio unaokinga. Anayetaka kulala usingizi atumie vyote viwili. "Na mipira itoke kwenye pikipiki!" Nirudi kupima wiki tatu zikipita tangu usiku ule.

Kumbe mama mkwe alikuwa kwenye benchi la mlangoni, kasikia yote. Nikajua nimekwisha. Mtu wa rozari, aliyezaa watoto kumi na mmoja na kuzika watatu, atanielewa? Wiki zote zile hakunisemesha, na mimi naisubiri siku ya kupima roho iko mkononi.

Ijumaa nimepimwa. Hakuna mimba! Hakuna, dada! Nilipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Nikakimbilia jikoni kumwambia mama mkwe. Alikuwa anachambua majani, akaacha.

"Kwa hiyo kumbe mtu anaweza kuamua?" akaniuliza.

"Anaweza, mama."

"Mimi niliishia darasa la pili, mwanangu. Na nilikuwa nasoma kuwashinda kaka zangu wote."

Akalia. Nikamkumbatia, nikalia naye. Halafu akajifuta kwa aproni, akasema, "Watoto niachie mimi. Wewe nenda kasome."

Wilfrido anakusalimu, na mipira sasa inakaa kabatini, kivulini. Dionisio na Rosalba wanataka picha yako. Nisalimie shemeji Anastacio. Bikira wa Caacupé akufunike kwa vazi lake, akurudishe kwetu mzima.

Niishie hapa, maana naitwa. Siku hizi mama mkwe ndiye saa yangu. Ikifika saa ya kidonge anagonga kinu kitupu, halafu anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mwalimuuu! Dawa yako!" Chuoni sijakanyaga bado, lakini nimeshaanza kuitika.

Mdogo wako akupendaye sana,
Mwalimu Nélida