Kiti cha Mzee Thadeo Kule Kambini

Shamba la Mkonge,
Kilosa,
9 Septemba 1956

Mpendwa Mjomba Kornelio,

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tanga, na kile kifua ulichosema kinakubana kwa vumbi la kupakia katani bandarini kimepoa. Sisi huku hatujambo. Bibi, mama yako, kule Kisanga macho yamepungua nuru, ulimi haujapungua. Agnesi wangu ameota tena meno ya mbele, na mume wangu Lupakisyo angali karani wa mizani hapa shambani. Mama, dada yako, ni mzima wa mwili. Habari za moyo wake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita Bwana Meneja alimwita Lupakisyo ofisini akamwambia kwamba kwa kazi yake njema amepewa mapumziko, yeye na jamaa yake, katika kambi ambayo memsahibu, mke wa Meneja, ameijenga karibu na Mikumi. Tangu barabara mpya ya Iringa ipite kule, Wazungu wanafurika kutazama nyumbu na tembo, na memsahibu amewajengea mahali pa kulala palipofanana na kijiji cha kale. Mjomba, tulifurahi kama watoto. Nilipiga pasi siku nzima. Mama alitoa gauni lake la Pasaka sandukuni, Agnesi akavalishwa soksi nyeupe, Lupakisyo akavaa koti lake la arusi, lile moja alilo nalo. Tukapanda lori la shamba, tukawapungia mkono mpaka watu wa Masanze ambao hata hatuwajui.

Tulikuta vibanda vya udongo vilivyoezekwa nyasi, vimezunguka uwanja. Kwa nje vyote ni sawa. Nilichungulia kimoja cha wageni: ndani kuna kitanda cha springi, chandarua, beseni la kunawia, na kandili iliyofichwa ndani ya kibuyu ili isionekane kuwa ni kandili. Chetu kilikuwa udongo nje na udongo ndani, na ngozi ya ng'ombe ya kulalia. Nikadhani mafundi hawajamaliza. Kumbe wamemaliza. Wageni walikuwa wengine. Sisi ndio tuliokuwa kijiji. Mume wangu amehangaika miaka mingi kumwezekea mama mkwe wake bati, halafu anapewa zawadi ya kumrudisha kwenye nyasi.

Memsahibu alipotuona uso ulimshuka. Alitazama viatu vyetu, akatazama soksi za Agnesi, akasema tumependeza sana lakini hakutaka hivyo. Akatuletea kaniki. Mimi na Mama tulizivaa, kwa sababu ugali wetu unatoka kwa mumewe. Lupakisyo yeye alikataa kuvua koti, akasema ana mafua, na kwa joto lile la Mikumi jasho likamtiririka mpaka viatuni.

Asubuhi yake Mama alipewa kinu na mahindi, atwange wageni wapige picha. Akatwanga. Akaja mwingine aliyechelewa, Mama akaombwa atwange tena. Akaja wa tatu. Mahindi yalikwisha kuwa unga zamani, mjomba, lakini mchi unapanda na kushuka. Mwanamke mwenye mjukuu anatwanga unga, na mimi binti yake nimesimama pembeni nikitabasamu kama nilivyoagizwa. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Sisi tulitunzwa peremende, nazo alirushiwa Agnesi kama kuku.

Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Jioni tuliitwa kwenye banda kubwa wanakonywea wageni, tuwaimbie. Memsahibu amelijaza vitu vya watu: nyungo, mishale, vibuyu, mpaka mwiko wa mtu umetundikwa ukutani. Mama alikuwa ameanza kuimba, mara akanyamaza katikati. Nikafuata macho yake. Mzungu mmoja mnene alikuwa amenyoosha miguu, na buti zake zimepumzika juu ya kiti cha Mzee Thadeo.

Ndicho chenyewe, mjomba. Miguu mitatu, mmoja umefungwa waya wa shaba. Kiti ambacho tangu yeye, kaka wa Bibi na mjomba wenu, afariki hakuna aliyekikalia, kinamngoja mrithi wake, ambaye ni wewe, siku utakapopewa jina lake kabla ya mvua za kupanda. Kiti ulichokichukua nyumbani kwa Bibi ulipokuja likizo mwaka jana, ukasema unampelekea Mathayo seremala aukaze ule mguu, kisha ukatuandikia kutoka Tanga kwamba Mathayo amekipoteza. Tangu hapo hatukumsalimia Mathayo. Mkewe alijifungua, hatukwenda kumwona mtoto.

Mama alipita katikati ya wageni, akaziinua zile buti kwa mikono miwili, akaziweka chini taratibu. Akakifuta kiti kwa kaniki, akakikumbatia. Memsahibu akainuka kuuliza kuna nini.

“Hiki ni kiti cha marehemu wetu,” Mama akasema. “Hakiuzwi wala hakitolewi. Aliyekupa alikuibia na wewe.”

Memsahibu hakugomba. Alisema yeye si mwizi, wala hakununua kwa mwizi. Aliletewa na mtu wa Kisanga, jina lake Kornelio, aliyemwambia kwamba kiti ni mali yake ya urithi na anaweza kukifanya atakavyo. Mtu huyo aliomba abadilishane naye kwa koti kuukuu la Bwana Meneja, la kijivu, lenye vifungo vya shaba.

Mjomba, ndilo koti ulilovaa katika picha uliyotuletea Krismasi. Mama ameitundika juu ya kitanda chake, na kila mgeni akija huonyeshwa jinsi mdogo wake alivyopendeza.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke yule maisha yangu yote. Ukaninyang'anya hata hilo. Na unathubutuje kumwambia mtu kiti ni chako? Kiti ni cha tumbo la Bibi, cha ukoo wetu unaofuata mama. Mwanamume hukikalia tu, na akifa hukiacha. Wanawake ndio wanaokitunza. Hilo hata Agnesi analijua, na wewe umelisahau kwa ajili ya vifungo.

Mama alisimama pale machozi yakimtoka, na mgeni mmoja alikwisha kuinua kamera. Hapo Lupakisyo, Mnyakyusa, ambaye kwao urithi hufuata baba na ambaye kwetu hana hata kijiti cha kurithi, alivua lile koti la arusi, akalikunja vizuri, akamwekea memsahibu mikononi.

“Koti kwa koti, memsahibu,” akasema. “Sasa tunakwenda na kiti chetu.”

Memsahibu alilipokea. Sijui ni kwa aibu au ni kwa haki, lakini alilipokea. Tukavaa nguo zetu, tukatoka mpaka barabarani, tukapata lori la vitunguu lililokuwa likija Kilosa, na Mama njia nzima amekipakata kiti kama mtoto mwenye homa. Lupakisyo hajafukuzwa kazi mpaka leo. Anakwenda ofisini na shati tupu, na makarani wenzake wanamcheka.

Tulikipeleka Kisanga. Bibi alikipapasa, akaugusa ule waya, akajua. Akauliza nani alikipeleka kwa Wazungu. Mama alianza kuzungukazunguka, anataka kukufichia. Nikajibu mimi, na habari za koti nikazisema.

Bibi akauliza, “Kwani Tanga kuna baridi?”

Jumapili baada ya kanisa aliwaita wazee. Wameamua jina la Mzee Thadeo apewe mdogo wako, Mjomba Damiano, na ndiye atakayekaa juu ya kile kiti. Hawakukufukuza. Siku ya kumpa jina nafasi yako ipo, mkekani, pamoja nasi wapwa.

Kwa Mathayo tulikwenda, mimi na Mama, na kuku wa kuombea radhi. Kuku alimpokea. Ndani hakutukaribisha, na ana haki.

Mjomba Damiano anakusalimu, naye hana raha na jambo hili. Agnesi anakuamkia. Mama ameniambia nisiandike kwamba anakusalimu, lakini picha yako alipoishusha hakuichana. Ameiweka sandukuni chini ya gauni la Pasaka. Mungu akulinde na vumbi la katani, akupe na ujasiri wa kutuangalia usoni.

Njoo, mjomba. Na hilo koti usimpe mtu. Lilete. Lupakisyo ana mabega kama yako, na yeye amelilipia.

Mimi mpwa wako, nikupendaye hata hivi,

Fausta