Penalti za Kushoto

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mipira hamsini, yote chini, kushoto kwangu. Nimezuia thelathini na moja. Kiwiko kimechunika. Uwanja huu wa Mwiki ni kokoto tupu.

Tangu Januari nafanya mazoezi ya upande huo tu. Sababu ni Kocha Kamau wa Thika. Nilimdakia miaka mitatu, kisha akaleta kipa mrefu kutoka Kamenu. Akaniambia mbele ya timu nzima: "Kafupi, enda uuze nyanya. Na hata huko kwa kibanda utahitaji stuli." Wote wakacheka. Wanja, rafiki yangu, alicheka kuliko wote.

Ijumaa, 13 Juni
Droo imetoka. Nusu fainali ni sisi na Thika. Nimeisoma mara mbili.

Madam Irene, kocha wetu hapa Ruiru, ameniuliza kwa nini sichoki. Nikasema napenda mpira. Uongo. Bila Kamau ningeacha mwezi ule ule.

Kuna jambo Kamau amelisahau. Wasichana wake walijifunza penalti mimi nikiwa golini. Kushoto nilikuwa mzito, kwa hivyo wote walizoea kupiga huko. Mguu ukizoea, umezoea.

Jumamosi, 21 Juni
Mechi ni kesho. Naomba iishe sare. Mungu anisamehe, lakini naomba.

Jumapili, 22 Juni
Sare, bila bao. Penalti.

Wa kwanza, kushoto. Nikadaka. Wa pili, kushoto. Nikapangua. Kamau akapiga kelele: "Badilisheni upande!" Wa tatu akajaribu, akapaisha. Sisi tulikuwa tumefunga mbili. Akaja Wanja, uso umemkauka. Kushoto. Nikadaka, tukawa tumeshinda. Niliukumbatia mpira nikamtazama hadi akainama. Nilifurahi. Sijuti.

Kisha nikamwendea Kamau. Maneno nilikuwa nayo tangu Januari, nimeyakariri. Akawahi kunipa mkono. "Haki, Kafupi! Si unaona vile nilikutengeneza?" Akacheka, akaondoka. Miezi mitano, na ameigeuza kuwa sifa yake.

Namchukia zaidi ya jana.

Jumanne, 24 Juni
Leo Madam ametupa mapumziko. Nilienda uwanjani hata hivyo. Sikumkuta mtu. Nilipiga mpira ukutani nikaudaka, kila upande, bila kuhesabu, hadi jua likaanza kushuka. Kamau hakunijia akilini hadi nilipokuwa navua glavu.