Vigingi Viwili vya Mteremko wa Kwai

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yusra Shemhina. Umri: miaka 15. Kazi: mwanafunzi, kidato cha pili. Makazi: Kwai, Lushoto. Mlezi aliyekuwepo: Kibibi, mama mzazi.

Leo tarehe 26 Mei 2025, saa nne asubuhi, naahidi kusema yote, hata yanayonihukumu mwenyewe. Mwalimu wangu wa jiografia, Anselm Shekiondo, yuko mahabusu tangu juzi kwa kuwaruhusu wanafunzi kuteleza kwenye mteremko uliobomoka. Kosa ni langu.

Kila mwisho wa masika, majani yakiwa bado na maji, tunateleza mlimani kwa magome ya mgomba. Mwaka huu ulitokea ufa juu ya mteremko. Mwalimu alinifundisha kuupima: kigingi kimoja juu ya ufa, kingine chini yake, uzi katikati. Uzi ukikaza, hakuna kuteleza.

Mnamo tarehe 10 Mei, saa mbili asubuhi, nilikwenda kupigilia vigingi. Juu ya ufa ni shamba la maharage la Bibi Zainabu. Nilimwamkia.

"Marahaba. Na hicho kigingi? Huku kwetu kigingi ni mpaka. Leo unapima ufa, kesho baba yako anapima shamba!"

"Ni cha shule, bibi."

"Basi shule ikae huko chini."

Niliona haya kubishana na mtu mzima. Nilipigilia vyote viwili chini ya ufa, na sikumwambia Mwalimu. Kila siku nilimwandikia kwamba uzi haujabadilika. Ilikuwa kweli.

Mnamo tarehe 24 Mei, saa tatu asubuhi, ukungu ulikuwa umejaa bondeni, mweupe na mtulivu. Kristofa wa kidato cha tatu alikuwa ameshakalia gome lake.

"Daktari wa mlima, mgonjwa wako ameamkaje?"

Niligusa uzi, nikapanda ukingoni mwa shamba. "Mzima," nikasema. "Shuka."

Alishuka akicheka. Sikusikia kishindo. Niliona majani yakijikunja taratibu, kama mkeka unaovutwa na mtu asiye na haraka. Vigingi vyangu vilishuka vikiwa wima, vikiongozana, na uzi katikati yao ulikuwa vilevile nilivyoufunga. Vikaingia kwenye ukungu. Vilipendeza kutazama, na hilo linanisumbua mpaka sasa. Ndipo nilipoelewa kwamba ardhi ilikuwa ikitembea navyo vyote viwili, pengine kwa siku nyingi.

Kristofa alikuwa amefukiwa hadi kiunoni. Mimi na wanafunzi wenzangu tulimtoa saa tatu na nusu. Amevunjika mguu, yuko hospitali, anaongea. Jana alinitumia salamu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Sahihi ya shahidi: Y. Shemhina

Mimi Koplo Maryam nimemsomea maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Ameomba kuongeza neno kwa mkono wake mwenyewe:

Afande, naomba unijibu kabla sijaondoka hapa. Sasa mnamjua aliyepigilia vigingi. Je, Mwalimu atarudi nyumbani leo?