Madoa kwenye Bastola ya Baba Faith

Jumatatu, 3 Machi

Chapati za wateja zimeisha mapema. Nimefuta kikaango, nikakipaka mafuta kisishike kutu. Kisha nikafungua kabati kwa ufunguo, nikatoa bastola ya marehemu mume wangu niipake pia, kama kila Jumatatu tangu tumzike. Haina risasi, nilishazitoa. Leo niliisogeza dirishani. Lo! Madoa ya kahawia kila mahali, yananata. Mafuta ya kupikia yamegandia ile rangi yake ya buluu-nyeusi. Mimi na akili zangu za jikoni!

Leseni ilikuwa ya Baba Faith, imekwisha naye. Kituo cha polisi wamesema niirudishe Ijumaa. Siirudishi ikiwa hivi. Aliitunza kuliko viatu vyake.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji Wafula amekuja kutoka Kayole kudai vitu vya kaka yake. Koti nimempa, ndiyo desturi yetu. Redio pia. Bastola hapana. Hiyo ni ya kurudi serikalini, hairithiwi kama koti.

Akayaona madoa, akacheka. "Mama Faith, hii umeikaanga? Leta niisugue na waya ya kusugulia sufuria, itatoka yote."

Kisha akasema wazee wa ukoo wanakuja Jumamosi, na atakayeshika bastola ndiye atakayeshika boma. Boma ni hii nyumba yetu ya mtaa wa Mowlem, nami nikiwa ndani yake. Nimechemka. Mimi si koti.

Jumatano, 5 Machi

Waya, ati! Baba Faith alikuwa akisema ile rangi ni ngozi ya chuma. Ukiikwaruza, hairudi.

Jiko nimelizima, madirisha wazi. Mafuta ya taa kidogo kwenye kipande cha fulana yake kuukuu. Lowesha doa, ngoja, futa. Kitambaa kikatoka kahawia. Kwenye mifereji yake midogo nimetumia mswaki laini. Buluu inaanza kuonekana. Nimelia kidogo, halafu nikaendelea.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi amepiga simu. Ati nina kiburi. Ninacho.

Doa moja karibu na kitako limekataa. Nililifuta, likabaki. Niliiangalia ile waya kwenye sinki, nikaitupa nje. Mafuta ya taa tena, subira tena. Jioni likaachia. Faith amesema chapati zinanuka mafuta ya taa. Amekula tu.

Ijumaa, 7 Machi

Kituoni. Afisa aliigeuzageuza kwenye mwanga, akahesabu risasi nilizozifunga kando, akauliza nani alikuwa akiitunza.

"Mimi."

Akasema ni safi. Sikumweleza habari ya kikaango. Nimetoka na karatasi ya kupokelewa, na shingo yangu imenyooka. Wafula akasugue sufuria zake.

Jumamosi, 8 Machi

Wazee wamekuja. Wafula alivaa koti la kaka yake, mikono inampita vidole. Akadai bastola mbele yao. Nikaweka karatasi mezani. Nikasema bastola iko kwa wenyewe, na mimi niko kwangu. Mzee mmoja akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akaomba chapati nyingine.

Walipoondoka nilifuta kikaango, nikakipaka mafuta. Kabati sikulifunga kwa ufunguo.